Tulifika, Kwa Hiyo?

Kuna swali ambalo msafiri haulizwi akishafika. Aliyepinduka njiani ataulizwa na kila mtu: kwa nini uliondoka na hali ya hewa uliiona? Aliyefika anaulizwa kama ameshakula. Huenda wote wawili waliondoka saa ileile, kwa gari la aina moja, wakiwa wamesoma utabiri uleule. Jambo hili linanisumbua tangu Desemba, tulipotoka watu wanne Iowa City kuelekea New Mexico na kukutana na dhoruba ya theluji siku ya kwanza kabisa ya safari.

Nieleze kwanza dhoruba yenyewe, maana ukiwa Morogoro au Kisumu unaweza kudhani ni theluji nyingi tu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani haihesabu wingi wa theluji inapoiita dhoruba blizadi. Inatazama upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na macho kutoona mbele hata mita 400, hali hiyo ikidumu angalau saa tatu. Si lazima theluji iwe inaanguka. Upepo unaweza kuizoa ile iliyolala mashambani na kuirusha barabarani. Na Iowa mahindi yakishavunwa hakuna cha kuuzuia upepo. Mbele weupe, pembeni weupe, mistari ya barabara imefutika. Unaendesha kwa masikio: tairi zikianza kunguruma kwenye mikwaruzo iliyochongwa ukingoni mwa lami, unajua unatoka nje.

Asubuhi ya kuondoka onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwenye gari, kaka mmoja wa Eldoret, alitaka twende: chumba cha Kansas City kimelipiwa na hela hairudi. Rafiki yake akamuunga mkono. Mimi nilisema tusubiri kesho yake. Dada mmoja wa Bukavu alisema hivyohivyo, na hapo akataniwa kwamba mtu aliyekulia kule hawezi kuogopa theluji. Akajibu bila kucheka, "Kaka, kule nilipita kwenye hatari kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Hii mnaikaribisha wenyewe." Kura zikawa mbili kwa mbili. Ufunguo wa gari ukapiga kura ya tano.

Tukaenda wote. Kilomita 185 hadi Des Moines, ambazo kwa kawaida hazifiki saa mbili, zilituchukua zaidi ya saa tano. Tulihesabu magari yaliyotumbukia mtaroni mpaka tukachoka kuhesabu. Kwenye buti tulikuwa na mablanketi, koleo na mishumaa, na tulikuwa tumekumbushana: ukikwama usitoke garini, injini iwashwe dakika kama kumi kila saa, na kabla ya kuiwasha, theluji iondolewe kwenye bomba la moshi, la sivyo kaboni monoksidi inarudi ndani na mnalala moja kwa moja. Dereva wetu ni mzuri, nampa haki yake. Hakuvuka kilomita 40 kwa saa na hakugusa breki kwa pupa. Ila ustadi wake uliishia kwenye bampa la nyuma. Lori lililokuwa likitufuata halikuwa mikononi mwake.

Sijutii kwenda. Safari ilikuwa tamu, na tulipofika White Sands, kwenye vilima vya mchanga mweupe wa jasi, tulicheka mpaka machozi: tumekimbia weupe mmoja tukaangukia mwingine. Lakini siwezi kuutumia utamu huo kama ushahidi kwamba uamuzi wa asubuhi ile ulikuwa sawa.

Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo hili kwa jina ambalo naweza kuliita bahati ya kimaadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori aliyezembea kukagua breki zake. Mtoto akikatiza mbele yake na kufa, atajilaumu maisha yake yote, nasi tutamlaumu. Mtoto asipotokea, hakuna anayejua kama kulikuwa na uzembe. Breki ni zilezile. Nagel hasemi kwamba kitendawili hiki kina jibu rahisi, nami sitajifanya ninalo. Ninachoamini ni kwamba uamuzi unapaswa kupimwa kwa yale yaliyojulikana mlangoni, kabla ufunguo haujazungushwa. Tulijua nini? Onyo, na chumba kilicholipiwa. Basi.

Kwetu tuna usemi kwamba ajali haina kinga. Kumfariji mfiwa nao ni mwema sana, sitauondoa hapo. Ubaya unaanza pale unaposemwa kabla ya safari, maana hapo unakuwa kibali.

Kuna na ule utetezi mwingine ninaousikia kwa vijana wenzangu: maisha ni yangu, nikifa nimekufa mimi. Kwenye dhoruba hauna mashiko. Tulipokwenda, mbele yetu alikuwapo dereva wa gari la kusukuma theluji, na kama tungeteleza, yupo ambaye angelazimika kuja. Naweza kuridhia hatari kwa niaba ya mwili wangu. Kwa niaba ya yule bwana sina mamlaka. Ndiyo maana dhoruba ikizidi, Iowa huweka katazo la kuvuta magari: yaliyokwama yanabaki palepale mpaka hewa itulie, ili mvutaji naye asiuawe kwa ajili ya gari.

Buffalo, Desemba 2022, ilionyesha mwisho wa mambo hayo. Waokoaji wenyewe walinasa barabarani, na kuna sehemu ambazo kwa muda hakuna msaada wowote ulioweza kufika. Walikufa watu zaidi ya 40 katika eneo lile, baadhi ndani ya magari yao. Lakini Buffalo pia inanizuia kuwa mkali kwa kila anayekutwa barabarani. Katazo la kuendesha lilitangazwa Ijumaa asubuhi, wakati wengi walikuwa wameshakwenda kazini. Anayefanya kazi ya kulipwa kwa saa hachagui kama sisi tulivyochagua. Yeye yuko kwenye lile kundi la dada wa Bukavu, la watu wasio na njia nyingine, na swali lake la kimaadili anapaswa kuulizwa aliyemwambia aje. Sisi tulikuwa wanafunzi likizoni.

Wiki iliyopita kaka wa Eldoret ametuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. Anataka Februari twende Duluth tukaone Ziwa Superior lilivyoganda. Dada akauliza hali ya hewa itakuwaje. Jibu likaja papo hapo: "Ile ya Desemba tulipita, hii itatushinda nini?" Rafiki yake akaweka kidole gumba. Dada hajaandika kitu. Mimi nimeomba tukubaliane jambo moja kabla ya chumba chochote kulipiwa: mtu mmoja akisema tusubiri, tunasubiri, hata kama si mwenye ufunguo. Ujumbe umesomwa na wote. Bado nangoja jibu.