Mwenye Sifuri Naye Ahesabiwe

Sijui njia nzuri ya kufundisha wastani kuliko visoda. Watoto watano wanasimama mbele ya darasa: wa kwanza ana visoda sita, wa pili vinne, wa tatu saba, wa nne vitatu. Wa tano mikono mitupu. Mwalimu anauliza: mkigawana sawasawa, kila mmoja atapata vingapi? Visoda vinaanza kuhama. Mwenye saba anapunguza, mwenye vitatu anaongezewa, mpaka kila mmoja ana vinne, hata yule aliyekuwa hana kitu.

Kanuni ije baada ya hapo: jumlisha, kisha gawanya kwa idadi. Mtoto aliyeanza kwa kukariri kanuni atapata jibu la mtihani, lakini muulize hiyo 4 maana yake nini, atanyamaza. Aliyehamisha visoda kwa mikono yake atakueleza.

Walimu wa Hisabati wanalijua kosa linalojirudia katika mada hii: 20 gawanya kwa 4. Mtoto anamruka mwenye sifuri kwa kuwa hana cha kujumlishwa, na jibu linakuwa 5. Jumla ni ileile. Mtu mmoja amesahauliwa, na wastani umepanda.

Kosa hilo hunifikirisha, kwa sababu sisi watu wazima tunalifanya tukijua. Shule ikimzuia mwanafunzi dhaifu asifanye mtihani, wastani wa shule hupanda bila mtoto yeyote kuongeza maarifa. Kijiji hupendeza kwenye taarifa pale fukara wake wasipoandikwa.

Hata wastani uliokokotolewa sawasawa hausemi yote. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, unapata zaidi kidogo ya 47 kwa mwezi. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba mvua karibu haipo kabisa. Atakayepanda mtama Julai kwa kutegemea wastani huo atapoteza mbegu.

Walimu, anzeni na vitu vinavyoshikika. Wazazi, mtoto akileta ripoti, msiishie kwenye wastani; someni alama za kila somo, muone anakwama wapi. Na sote, tunaposomewa wastani katika kikao cha shule au cha kijiji, tusione haya kuuliza: mmegawanya kwa watu wangapi, na ni nani hakuhesabiwa?