Sikukuu ya Chumba Kimoja

  

Leo ninasema na ninyi vijana mliooana karibuni, mnaokaa chumba kimoja. Noeli ikifika, Idi ikifika, siku ya uhuru ikifika, moyo unataka safari. Unataka kupanda treni ile inayotoka Kindu, ipite hapa kwetu Kibombo, iendelee mpaka Kongolo na Kabalo. Lakini treni ina siku zake. Na mfuko una siku zake.

Basi, safari isipowezekana, tazameni mkeka wenu. Umekunjwa, umeegemea ukuta. Utandazeni, chumba kinakuwa sebule. Utandazeni, wageni wana pa kula. Chumba hakikuongezeka. Ni mikono iliyotandaza.

Sikukuu ya nyumbani iko hivyo. Mume atwange sombe, mke apike wali wa shamba letu la Maniema. Vaeni vikwembe vizuri, hata kama hamtoki. Mwiteni jirani anayekula peke yake. Simulieni, chekeni, ombeni pamoja.

Mke asingoje safari ndipo aheshimiwe. Mume asingoje mshahara ndipo apewe neno tamu.

Unapokwenda shambani, sokoni, shuleni au ofisini, beba neno hili: furaha ya nyumba haingoji nyumba kubwa. Inangoja watu wawili waamue kuitengeneza, leo, kwa kile walicho nacho.