Je, takataka yaweza kuwa vazi?

Mtu huvaa nguo kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kujisitiri. Ya pili ni kujikinga na baridi na jua. Ya tatu ni kuwajulisha wengine yeye ni nani: askari twamtambua kwa kofia yake, na bibi-arusi kwa shela lake. Juu ya zile mbili za kwanza hakuna ubishi. Ubishi upo katika hii ya tatu, na ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwa maana katika mji mkuu wetu wako watu wanaojivika takataka mchana kweupe, na wengi wanauliza kama jambo hilo ni jema au ni baya.

Watu hao ni wasanii, wake kwa waume. Wengi wao wamepitia Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, kile kilichoanzishwa mwaka 1943 na Bruda Marc Wallenda huko Gombe-Matadi, kikahamia mji mkuu mwaka 1949. Chuoni walifundishwa kuchonga, kufinyanga na kuchora. Lakini vifaa vya kazi hiyo ni vya bei kali, na jalala halidai hata faranga moja. Basi wakaokota makopo ya vinywaji, vizibo vya chupa, mipira ya magari, kandambili zilizokatika, vipande vya radio na simu, wakavifunga na kuvishona mpaka vikawa vazi la kumfunika mtu kutoka utosini hadi miguuni. Katika mtaa wa Matonge wana chama chao kiitwacho Ndaku ya La Vie est Belle. Ndaku kwa Kilingala ni nyumba. Na tangu mwaka 2015, msanii Eddy Ekete, ambaye mwenyewe hujivika makopo matupu yanayolia kwa kila hatua, ameanzisha pamoja na wenzake sikukuu ya michezo ya barabarani iitwayo KinAct.

Wapita njia wakiwaona, wengine hucheka, wengine hukimbia. Na wale wanaobaki kusema, husema mambo matatu. Tuyapime moja moja.

Wa kwanza husema: «Huo ni ulozi.» Hao tunawaomba wakumbuke mababu. Wapende wana minganji, wachezaji waliofunikwa mwili mzima kwa nyuzi za mti. Wakuba hupamba vinyago vyao kwa simbi, shanga na nguo za raffia. Kila kizazi hujivika kile inchi yake inachokipa. Msitu uliwapa mababu nyuzi na manyoya. Kinshasa, mji wa watu zaidi ya milioni 15, unawapa wajukuu makopo na plastiki. Mkono unaoshona ni ule ule. Tena kujivika kitu ili kusema neno si jambo la jana: nabii Yeremia alijitwika nira shingoni, na watu wa Yerusalemu wakafahamu upesi alilotaka kusema, hata kama hawakulipenda.

Wa pili husema: «Wanatuaibisha. Wageni wanakuja na kamera zao, wanawapiga picha, kisha Ulaya nzima inajua kwamba sisi tunaishi katika uchafu.» Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Lakini tuulize: aibu ni ya nani? Mtu akitupa chupa mtoni Kalamu, haoni haya. Mwingine akiiokota na kuivaa, twamwambia ametuvunjia heshima. Huko ni kumkasirikia yule anayetuonyesha jipu na kumwacha yule aliyelisababisha. Matonge hiyo hiyo ni mtaa wenye sifa ya wapenda mavazi, wale wanaoitwa sapeurs. Wako miongoni mwao wanaonunua viatu vya Paris hali kodi ya nyumba haijalipwa. Hatuwahukumu, mtu maskini naye ana haki ya kupenda kitu kizuri. Twasema tu kwamba vazi la bei laweza kuficha ukweli, na vazi la takataka laweza kuufunua.

Wa tatu husema: «Watoto wana njaa, ninyi mnacheza na makopo.» Hili ndilo shauri gumu kuliko yote, na jibu lake linatudai kwanza tujue takataka ni nini.

Hakuna kitu kilichozaliwa takataka. Kopo lilikuwa na thamani mpaka saa ile maji yalipokwisha ndani yake. Halikubadilika, sisi ndio tuliolihukumu. Kwa hiyo takataka ni hukumu ya mtu juu ya kitu: «Sina haja nawe tena.» Mtu akizoea kutoa hukumu hiyo mara mia kwa siku, bila kufikiri, mazoea hayo hayakomi kwenye chupa. Twawasikia watu wakisema vile vile juu ya mzee asiyeweza kulima tena, juu ya mwanamke tasa, juu ya watoto wa barabarani wanaoitwa shege. Watoto hao huokota chakula chao kwenye jalala, na watu huwahesabu kuwa sehemu ya jalala lenyewe.

Hapo ndipo vazi la takataka linapoanza kusema. Yuko msanii aitwaye Shaka Fumu Kabaka, naye amejivika wanasesere waliotupwa, vichwa na mikono na miguu. Vazi hilo limeitwa Matshozi 6 Jours, maana yake machozi ya siku sita. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji mfasiri. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji wa Kisangani, mji usio wao, na mamia ya raia wakafa. Wanasesere wale waliovunjika ni watu wale. Aliyewaokota amekataa hukumu iliyosema kwamba hawana haja ya kukumbukwa. Je, huo ni mchezo wa makopo? Mama aliyefiwa na mtoto Kisangani, akiliona vazi lile, hatauliza lina faida gani.

Yuko pia Falonne Mambu, anayejivika nyaya za umeme. Bwawa la Inga lilianza kutoa umeme mwaka 1972, na Inga ya pili mwaka 1982. Hata hivyo nyumba nyingi za Kinshasa hulala gizani. Mwanamke anayerudi nyumbani usiku pasipo taa anajua hatari ya giza kuliko waziri yeyote.

Sasa, baada ya kuwatetea wasanii, haki inatudai tuseme na upande wa pili. Sifa nyingi zaweza kuwa usingizi. Vazi likisafiri hadi Ulaya, likitundikwa ukutani na watu wenye divai mkononi wakalisifu, mto Kalamu haujapungukiwa chupa hata moja. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki, lakini mifuko ingaliko sokoni. Kustaajabia si kutubu. Msanii atakayeridhika na makofi, na mtazamaji atakayeridhika na kustaajabu, wote wawili wamelifanya vazi lile takataka kwa mara ya pili.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Kinshasa peke yake. Watu wa Bukavu wanajua jinsi chupa zinazotupwa mabondeni zinavyochukuliwa na mvua hadi ziwani Kivu, zikatoka na maji kwenye mto Ruzizi, zikaziba mitambo ya umeme bwawani. Umeme unakatika, nasi twailaumu kampuni. Tungeweza kujilaumu wenyewe pia, kwa maana chupa iliyozima taa yetu yawezekana tuliishika sisi asubuhi. Mchafuzi hutia kidole jichoni mwake mwenyewe, kisha huuliza nani amezima jua.

Basi, takataka yaweza kuwa vazi? Sisi twajibu: ndiyo, na laweza kuwa vazi la heshima, ikiwa anayelivaa anasema kweli na anayelitazama anasikia. Dhambi ya jambo hili haiko katika kuivaa takataka. Iko katika kutupa, vitu na watu, na kupita bila kugeuka. Wazazi, mtoto wenu akishona kofia kwa vizibo au gari kwa waya, msimwite mchafu. Amekiona kitu ambacho ninyi mlikuwa mmekwisha kukihukumu. Mwulizeni amekitoa wapi. Kisha nendeni naye mahali pale, mkaone kuna nini kingine, na kuna nani.