Ukoo wa Kando ya Barabara

Wasafiri wengi wanaijua Mtito Andei kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Basi la Nairobi au la Mombasa huingia kwenye uwanja wa hoteli, abiria hushuka kujinyoosha, hununua maji, na honi ikilia kila mtu hukimbilia kiti chake. Mji uko karibu katikati ya safari, na tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, hata treni ina kituo hapa. Kila kitu kimepangwa kwa ajili ya anayeondoka. Mimi hupenda kuwatazama wanaobaki: muosha vyombo, fundi wa magurudumu, mlinzi wa lojingi, mwalimu aliyehamishwa juzi, msichana aliyetoka upande wa Mutomo kutafuta kibarua. Hawa nao huugua, hudaiwa kodi ya nyumba, hupigiwa simu za msiba usiku wa manane.

Huku Ukambani kuna mwethya. Majirani hukusanyika shambani mwa mmoja wao, wakachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko au wakapalilia, mwenye shamba akawapikia, kesho zamu ikahamia kwa mwingine. Miteremko ya Machakos na Makueni imejaa matuta yaliyochimbwa hivyo, mengi na vikundi vya akina mama. Lakini mwethya hudai ujirani wa siku nyingi: watu wajue baba yako ni nani na shamba lako linaishia wapi. Aliyeshuka stendi na begi moja hana shamba, na baba yake hajulikani na yeyote.

Kwa Mkatoliki wa aina hiyo, pa kuanzia ni jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikubaliana kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Parokia zilikuwa kubwa na mapadre wachache, kwa hiyo uamuzi ulikuwa na sababu ya wazi. Ila nadhani waligusa jambo zito kuliko uhaba wa mapadre. Usipoonekana kwenye misa ya Jumapili, hakuna anayegundua. Kwenye jumuiya ya nyumba chache, pengo lako linaonekana kabla sala ya kufungua haijaisha. Ndugu zetu wa kanisa la AIC, ambao misheni yao ilianzia Nzaui, hapa hapa Makueni, mwaka 1895, nao wana vikundi vyao vya majumbani. Majina yanatofautiana, viti vya plastiki ni vilevile.

Namfahamu mama mmoja wa kazi za jikoni hapa mjini. Alikosa kufika jumuiyani wiki mbili, na watatu kati ya wenzake wakaenda chumbani kwake bila kualikwa. Walimkuta na homa, watoto wamekula uji mtupu tangu jana. Mmoja alibaki kufua, mwingine akampeleka zahanati, wa tatu akapiga simu kwa kaka yake Kitui. Jioni ile hakuna aliyesoma Injili. Sidhani kama walihitaji kuisoma.

Alipopona, akaanza kukwepa. Si kwamba imani yake ilikuwa imepoa, bali kila mkutano ulimalizika kwa mhazini kufungua daftari na kusoma kwa sauti nani ametoa mchango na nani bado. Misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ndengu zikakauka, ndovu wa Tsavo wakaingia mashambani kutafuta maji na chakula, na orodha ya "bado" ikazidi kurefuka. Aliyebebwa jana na wenzake huona haya mara mbili: kwanza kwa kupokea, kisha kwa kutokuwa na cha kurudisha. Kutoa ni rahisi sana ukilinganisha na hilo. Anayetoa hupata sifa na usingizi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaopima uhai wa jumuiya kwa makusanyo. Katika parokia nyingi nchini, mzazi akitaka mtoto abatizwe, au familia ikitaka padre kwenye mazishi, huulizwa kwanza kama wanashiriki jumuiyani. Nia naielewa, maana wapo wanaolikumbuka kanisa siku ya jeneza tu. (Wanaume, msinitazame hivyo, kwenye mikutano hii huwa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.) Lakini swali hilo likigeuka kuwa "umelipa?", tumejenga chama cha akiba chenye sala mwanzoni na mwishoni. Vyama vya akiba tunavyo tayari, na vinaendeshwa vizuri zaidi.

Mwenyekiti wa jumuiya ile, mjane muuza mboga kando ya barabara kuu, alibadilisha utaratibu bila kumsubiri katekista. Daftari lilibaki nyumbani. Kikapu kilianza kuzungushwa, na kila mtu, aliye nacho na asiye nacho, alitakiwa kuingiza ngumi na kuitoa imefumbwa vilevile. Asiye na pesa aliweza kupewa zamu ya kulala na mgonjwa au kukesha na wenye mashamba wakifukuza ndovu, na zamu hizo zikatangazwa pamoja na matangazo mengine. Yule mama wa jikoni alirudi. Mhazini hulalamika kwamba siku hizi makusanyo hayatabiriki, na ana haki ya kulalamika. Hoja ya kulirudisha daftari imeletwa kikaoni zaidi ya mara moja, ila haijapata wa kuiunga mkono.