Kigeuze Kwanza

Kabla hujaita mkokoteni ukibebe kile kiti cha babu kilicholegea miguu, kigeuze kwanza. Kwangua kidogo chini ya kikalio, mahali ambapo vanishi haikufika. Ukiona wekundu wa kahawia, huenda umeshika mninga, na ukitajiwa leo bei ya mninga pale Keko, Dar es Salaam, utaomba maji ya kunywa.

Dawa ya mguu unaocheza si msumari. Msumari huweza kupasua mbao, na hapo umejiongezea kazi. Chomoa mguu taratibu, kwangua gundi kavu yote kwenye tundu na kwenye ulimi wake, tia gundi mpya ya mbao, kaza kwa kamba, uache hadi kesho. Halafu msasa: anza na namba 80, nenda 120, malizia 220, ukifuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kuzikata, mikwaruzo utaiona baada ya kupaka vanishi, saa ya majuto. Na ufunge pua. Vumbi la mninga huwasha.

Sofa jipya la mkopo nalo linavutia, sikatai. Lakini mengine hubonyea kabla deni halijaisha.

Kwenye kiti cha zamani, angalia tu vitundu vidogo vinavyomwaga unga mpya: wadudu bado wanaibungua mbao. Kiti cha namna hiyo usikiingize ndani kabla ya kukitibu. Vingine vyote, tafadhali, vipe wikiendi moja kabla ya kuvitupa.