Mtu wa Dunia Mbili

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo lililotujia kwa njia ya mchezo wa televisheni, walakini kwetu sisi tukaao kando ya Ziwa si mchezo hata kidogo.

Mchezo huo waitwa Awake. Ulionyeshwa Marekani tangu Machi hata Mei mwaka 2012, sehemu 13 tu, kisha ukakomeshwa. Habari yake ni hii. Mpelelezi mmoja wa polisi katika mji wa Los Angeles, jina lake Michael Britten, alipatwa na ajali ya motokaa pamoja na mkewe Hannah na mwanawe Rex. Tangu siku ile, akilala na kuamka, ajikuta katika nyumba ambamo mke yu hai na mwana amekufa. Akilala tena na kuamka, mwana yu hai, na mke ndiye aliyezikwa. Naye hajui ipi ni ndoto. Avaa ukanda mwekundu mkononi katika dunia ya mkewe, na wa kijani katika dunia ya mwanawe, asije akachanganya mambo. Anao matabibu wawili wa akili, mmoja kila upande, na kila mmoja amwonyesha kwa hoja nzuri ya kuwa yule mwingine ni ndoto tu. Lakini mtu huyu hataki kuponywa, maana kuponywa kwake ni kumzika mmoja wa wapenzi wake.

Tuliutazama mchezo huu jioni kadhaa hapa Mwanza pamoja na jamaa na majirani, tukabishana, kama watazamaji wa nchi nyingine walivyobishana. Hasa tulibishana juu ya mwisho wake, ambapo mtu huyu apita mlangoni na kuwakuta wote wawili wakiwa hai pamoja. Je, hiyo ni kweli, au ni ndoto ya tatu? Mwalimu mmoja wa hesabu alisema, "Dunia moja lazima iwe ya uongo, na mtu mwenye akili hana budi kuitafuta na kuiacha." Mama mmoja mjane akamjibu, "Mwacheni, mwalimu. Amemkosea nani? Hajaiba, hajapiga mtu. Ameshika alichonacho."

Swali la kuijua ndoto ni la kale sana. Zhuangzi wa China, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika habari ya mtu aliyeota kuwa yeye ni kipepeo, na alipoamka hakujua kama ni mtu aliyeota kipepeo, au kipepeo anayeota kuwa mtu. Descartes, Mfaransa, aliliuliza tena swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1641. Hatudhani kwamba sisi tutalimaliza katika ukurasa mmoja. Lakini swali la yule mama laweza kujibiwa, nalo ndilo lituhusulo zaidi: Amemkosea nani?

Tulipofikiri sana tuliona jambo ambalo mwanzoni lilitupita. Mtazameni Hannah. Amefiwa na mtoto wake wa pekee. Aamka asubuhi, chumba cha mtoto ki kitupu. Amtazama mumewe, apate mtu wa kulia naye, na mumewe halii. Atalia vipi, naye amemwona kijana jana tu, wamezungumza? Basi mama huyu ana mume nyumbani, lakini katika msiba wake yu peke yake. Kadhalika na kijana katika dunia ile ya pili: amlilia mama yake mbele ya baba ambaye hajampoteza mke. Faraja ya mtu huyu ni kubwa, lakini ni yake mwenyewe tu. Hawezi kumkatia mwenziwe hata kipande.

Mambo haya yako pwani kwetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi walizikwa Igoma, na makaburi yao yapo hata leo. Wengine hawakuonekana kamwe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafa watu 228. Hizo ni habari zilizojulikana duniani. Lakini mwajua pia mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, waendao na taa zao usiku usio na mbalamwezi, na upepo ukawakuta.

Tuchukue mfano. Kijana amekwenda kuvua, mtumbwi umeonekana umepinduka, yeye hakuonekana. Baba yake asema, "Hajafa. Yuko visiwani, amehamia mwalo mwingine." Neno hili si la kichaa, maana wavuvi huhama kweli toka kisiwa hata kisiwa, na wengine hurudi baada ya miaka. Kwa hiyo baba ala, alala, na pengine acheka. Mkewe alia nyuma ya nyumba, apate kuificha sauti. Akisema, "Baba Fulani, mtoto wetu amekufa," ajibiwa, "Wewe ndiwe unayemwua." Tazameni, mama amefiwa na mtoto, kisha amekatazwa hata kufiwa. Je, baba amemkosea nani? Jibu liko nyuma ya nyumba.

Walakini tusimhukumu upesi. Aliyemshika maiti wake mkono, akaona udongo ukimfunika, amesaidiwa na macho yake. Huyu hakuona kitu. Twamdai aamini jambo zito kuliko yote kwa maneno ya watu tu.

Wajaluo, wakaao pande za Mara na ng'ambo ya mpaka katika Kenya, wanayo desturi juu ya jambo hili. Mtu akifa maji na mwili usipatikane, hutwaa tunda la mwegea, waliitalo yago, ambalo ni refu na zito, wakalizika kaburini mahali pake yeye. Kila aliyesimama pale ajua ya kuwa tunda ni tunda. Wala haondoi mashaka yote, maana kaburi lile haliwezi kushuhudia aliko maiti. Lakini sasa pana mahali ambapo baba na mama waweza kusimama pamoja. Mwalimu wetu wa hesabu angetaka kwanza uthibitisho. Wazee wale waliona ya kuwa uthibitisho waweza kukosekana daima, na huku wafiwa wanahitaji kulia pamoja leo.

Asomaye Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12, ataona habari inayofanana. Daudi alifunga na kulala chini siku zote mtoto alipokuwa mgonjwa. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akala, watumishi wakastaajabu. Mara nyingi twasoma hapo na kukoma. Lakini baadaye yaelezwa kwamba alimfariji Bathsheba mkewe. Asingaliweza kumfariji kama angalikataa kwamba mtoto amekufa.

Basi hukumu yetu ni hii. Kosa la mtu wa dunia mbili si kwamba amekosea hesabu ya kweli na ndoto. Katika hilo yeyote aweza kukosea. Wala si kwamba apenda mno. Kosa ni kukaa mahali ambapo aliye karibu naye hawezi kuingia, naye amwita.

Kwa hiyo, ninyi walimu wa makanisa mnaokwenda kuwatazama wafiwa, msianze na kubishana na baba wa mfano wetu kama mwanawe yu hai au amekufa. Anazo hoja, naye atawashinda. Wala msikubaliane naye kwa kumpendeza. Mketisheni karibu na mkewe, mkamwombe asikilize tu, mama aseme habari za mtoto: jinsi alivyozaliwa, alivyojifunza kupiga kasia, alivyovaa jioni ile. Pengine ataondoka kwa hasira mara ya kwanza, na ya pili. Nendeni mara ya tatu.

Tulimweleza yule mama mjane maneno haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ni kweli, amemkosea mkewe. Lakini mwendee polepole. Mimi mume wangu nilimtengea chakula miezi minne, nikijua kabisa. Aliyenisaidia ni mwanangu mdogo. Siku moja alikaa mahali pa baba yake, akakila, akaniomba kingine."