Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 21: Faili Lililogoma Kufutika



Ndugu yangu, kama umewahi kufanya kazi na kompyuta, hili unalijua. Una faili hulitaki tena. Unabonyeza kufuta, linagoma. Unabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni kidole. Bado limegoma.

Mara nyingi Windows yenyewe inakwambia sababu, ila sisi tunaufunga ule ujumbe bila kuusoma. Sababu zinazokutana na watu wengi ni mbili.

*Ya kwanza:* faili limefunguliwa na programu nyingine. Unatazama kwenye skrini huoni kitu, dirisha ulishalifunga. Kumbe programu bado inafanya kazi chini kwa chini na imelishikilia. Dawa ni kuizima programu ile, au kuizima kompyuta na kuiwasha upya ili kila kitu kiachie kilichoshika. Hapo faili linafutika bila shida.

*Ya pili:* huna ruhusa, kwa sababu faili ni la mtumiaji mwingine. Hapa hata uzime na kuwasha mara kumi, jibu ni lile lile: mtafute mwenyewe.

Sasa tuje kwenye nafsi zetu. Tumeingia kumi la mwisho. Usiku tunanyanyua mikono, astaghfirullah mara mia, machozi yanatoka. Basi mbona kuna dhambi ambazo kila mwaka tunazikuta pale pale?

Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa inahusu haki ya mtu, lipo la nne: kumrudishia haki yake au kumwomba akusamehe.

Tazama la kwanza: *kuacha*. Wengi wetu Ramadhani tunafunga dirisha tu. Kikundi cha umbea tumekinyamazisha, hatujatoka. Namba ya yule mtu tumeibadilisha jina, hatujaifuta. Mikopo ya riba tumeacha kuitoa mpaka Idi ipite. Skrini safi, lakini chini kwa chini programu inaendelea.

Tazama na la nne. Mshahara wa dada wa kazi wa miezi miwili. Mirathi ya dada zako uliyoikalia tangu baba afariki. Deni la dukani. Hizi zina wenyewe. Unamlilia Allah usiku kucha, asubuhi unabadilisha njia usikutane na mwenye haki yako shingoni? Huenda ibada kubwa uliyobakiza mwezi huu ni kupiga simu moja. Kama huna cha kulipa, mwambie ukweli, mpangane.

Utauliza: "Mimi niliacha kweli, halafu nikarudia. Kwani toba yangu ilikuwa ya uongo?" Hapana, usimpe shetani nafasi hiyo. Ukiacha kwa dhati kisha ukateleza, toba yako ya kwanza ilikuwa toba, na kosa jipya linataka toba mpya. Hata ikiwa ni mara ya ishirini, mlango haujafungwa. Lakini anayeomba msamaha huku moyoni ameshapanga kuendelea baada ya Idi, huyo hawezi kusema amerudia. Hakuwahi kuondoka.

Leo kabla ya futari, chukua dhambi moja tu, ile inayokusumbua zaidi, ujiulize maswali mawili:

1. Ni kitu gani nimekiacha wazi kinachoishikilia?
2. Kuna mja ambaye bila yeye kuniridhia hili halishi?

Ukipata jibu, lifanyie kazi leo leo, usingoje usiku wa 27.

Ewe Mola wetu, tupe nguvu ya kuacha unayoyachukia, utuwezeshe kurudisha haki za watu kabla hatujarudi Kwako, na utukubalie toba na swaumu zetu. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Ramadhani Karim.